Plasta Kwenye Kompyuta ya Masjala

Mkurugenzi wa hospitali alinipa mpaka Ijumaa. Idara zote ziingie kwenye mfumo wangu mpya wa usalama wa kompyuta, la sivyo anaufuta na kila mtu arudie mazoea yake. Wodi zilikubali. Maabara ilinung'unika, ikakubali. Ilibaki masjala, na mkuu wa masjala ni mama mkwe wangu.

"Miaka ishirini na tisa natunza mafaili ya wagonjwa," aliniambia. Neno lake la siri lilikuwa limeandikwa kwenye plasta na kubandikwa juu ya kompyuta, kila apitaye alisome. "Leo mashine iniulize mimi nani? Kila nikifungua faili simu ilie, nibonyeze? Kwani mimi mwizi?"

"Inamuuliza kila mtu, Mama. Hata mkurugenzi. Hata mimi niliyeiweka."

"Basi iwaulize nyinyi."

Mume wangu alinisihi nimwache mama yake. Nilikataa. Mficha uchi hazai, nami nilikuwa nimeficha vya kutosha. Alhamisi nikafunga mlango wa masjala, nikamwambia: wale wezi wa mtandaoni waliotufungia mafaili yote miezi mitano iliyopita, hadi wagonjwa wawili wakaahirishiwa upasuaji, waliingia kwa jina lake na neno lake la siri. Mfumo wa zamani ulimwamini yeye, ukawafungulia wao kila mlango. Kwenye ripoti niliandika "kompyuta ya masjala". Sikuandika ya nani.

Akanigeukia. "Jumapili zote hizi tunakula pamoja, na hili unalo moyoni?"

"Niliogopa kukuvunjia heshima."

"Heshima gani ya kuniacha mjinga?"

Niliona aibu. Yeye akaibandua plasta taratibu, akaikunjakunja, akanisogezea simu yake. "Nionyeshe."

Jumatatu nilishuka masjala kurekebisha printa. Kufika, sina simu; nilikuwa nimeisahau nyumbani. Dirishani foleni ya wagonjwa ilikuwa ndefu.

"Mama, niingize kwa jina lako. Dakika mbili tu."

"Simu yako iko wapi?"

"Nyumbani."

"Kaifuate."

"Mama, si ni mimi!"

Akageuzia ukutani kioo cha kompyuta yake nisikione.

"Hata wale wezi walisema ni mimi."

Foleni nzima ikanitazama. Hasira zilinipanda, zikashuka kabla sijafika mlangoni. Nikaenda kuifuata simu, nikicheka peke yangu njia nzima.