Neno la Ivadell Mbele ya Kanisa

Kwa miezi minane, kila Jumanne baada ya kufunika cherehani, Ivadell Swaby alimpokea shoga yake Merlene jikoni, akafunga mlango. Alikuwa na miaka hamsini na minane, fundi aliyewashonea nusu ya watu wa mji wa Santa Cruz, na hakujua kusoma. Kanisani alishika kitabu cha nyimbo kama wenzake, akaimba kwa kukariri. Merlene, mwalimu mstaafu aliyekua naye nyumba jirani, ndiye pekee aliyejua, na aliapa kufa na siri hiyo.

Alimfundisha kutoogopa neno refu. Alikate tu, kama kitambaa. Kulikuwa na moja lililomtisha kila alipofungua Biblia yake ya Kiingereza: unrighteousness, yaani udhalimu. Ivadell akalipiga mistari ya penseli: un, righ, teous, ness. Silabi nne. Kisha Merlene akamwonyesha maana inavyoungana: un ya kukanusha, righteous mwenye haki, ness ya kutaja hali. Ivadell alicheka mpaka machozi yakamtoka.

Jumapili ya mavuno, wakati wa shuhuda, Merlene alisimama. Akasimulia jinsi Mungu alivyomtumia kumtoa gizani dada mmoja aliyewadanganya waumini miaka thelathini. Akamtaja jina. Akatoa kadi yenye neno lile, akamwita mbele alikate watu waone.

Ivadell alikwenda, maana kila mtu alishageuka kumtazama. Alilikata bila kukosea. Makofi yakapigwa. Akirudi kitini alimsikia mama mmoja akimnong'oneza jirani yake, "Kumbe ile kadi yangu ya harusi alijifanya tu kuisoma."

Jumanne Merlene alikuja na tunda la shelisheli la kuchoma. Ivadell hakufungua geti la baraza.

"Shoga, si uliona walivyokushangilia?"

"Walikushangilia wewe."

"Nilitaka wajue ulivyojitahidi."

"Ungeniuliza. Miezi yote hiyo unakunywa chai yangu, Merlene. Ungeniuliza."

Merlene aliacha shelisheli juu ya ukuta wa baraza. Lilikaa pale mpaka likaingiwa na sisimizi.

Asubuhi iliyofuata Ivadell alikwenda maktaba, akaomba darasa la watu wazima. Alipewa fomu, akaijaza mwenyewe, polepole. Palipoulizwa kama aliwahi kufundishwa, aliandika kuwa ndiyo. Palipotakiwa jina la mwalimu, alishika kalamu kwa muda mrefu, halafu akauruka mstari huo.