Sifuri Kwenye Ngazi

Wewe ungeitwa mwizi mbele ya mama mkwe wako, saa mbili asubuhi, mdomo bado una ladha ya kahawa, ungefanya nini? Tarmuji alivua helmeti. Aliivua taratibu, akaifuta tope kwa kiganja, akaiweka juu ya mnyororo wa ekskaveta yake, kisha akasimama mikono mitupu kama mtu anayepimwa nguo kwa fundi.

Pak Wibisono, meneja wa kampuni iliyopewa kazi ya mtaro, hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa afadhali. Alisema polepole, karatasi mkononi, kwamba mtaro umefunguliwa jana, na badala ya kupeleka maji baharini umeyarudisha kijijini. Akasema nusu ya pili, ile ya upande wa bahari, imechimbwa kina kifupi. Halafu akasema kwamba dereva anayechimba kina kifupi hubakiza dizeli, na dizeli inayobaki kila mtu anajua inakokwenda.

Watu wa Karangsegoro walikuwa wamesimama ndani ya maji hayohayo, sarong zimekunjwa hadi magotini, wanasikiliza. Mbele yao alisimama Mbah Kasinem, mama mkwe wa Tarmuji, aliyemzaa mkewe Warsini. Alikuwa na kata ya kuchotea maji, na alikuwa ameacha kuchota.

"Miaka ishirini na minne," Tarmuji alisema. "Sijauza hata kikombe."

"Wote husema hivyo, Pak Muji," meneja akajibu, akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Msidhani Tarmuji aliichukia skrini ya mashine yake, kama wale madereva wa zamani wanaosema mashine haimfundishi mtu kazi. Aliipenda. Kampuni ilipofunga vile visanduku vitatu vya kupimia, kimoja kwenye boriti, kimoja kwenye mkono na kimoja nyuma ya kijiko, ni yeye aliyekaa na fundi siku mbili akiuliza maswali mpaka fundi akachoka. Kwenye kioo kidogo pembeni ya kiti kijiko kilionekana kimechorwa, na chini yake mstari ambao ndio kina kinachotakiwa. Ukiukaribia, mlio unaharakisha. Ukiufikia, rangi inageuka kijani na mlio unakuwa mmoja mrefu. Tarmuji alikuwa akikifuta kioo kile kwa leso yake ya mfukoni. Kila Jumamosi alishuka na kupima meno ya kijiko kwa futi, kwa sababu jino likiisha hata upana wa kidole, skrini inadanganyika na wewe unadanganyika nayo.

Na kila asubuhi, kabla ya yote, alikuwa akiipeleka mashine hadi nyuma ya msikiti mdogo wa kijiji, pale mtaro unapoanzia. Anashusha kijiko mpaka jino la katikati liguse alama nyekundu iliyopigwa na mpima ardhi kwenye ngazi ya chini. Anabonyeza sifuri. Kuanzia hapo mashine inajua iko wapi duniani. Kisha anaihamisha sifuri ile kutoka kigingi hadi kigingi, vilivyopigwa kwa namba kando ya mtaro, akielekea baharini. Katika pwani ile ya Demak maji ya rob, bahari inayojaa hadi nchi kavu, hupanda na kufunika shimo kabla hujamaliza kulichimba, maji meusi ambayo jicho halipenyi. Skrini ndiyo ilikuwa macho.

Kuna jambo moja ambalo Pak Wibisono hakulisema siku ile mbele ya watu. Kwenye kigingi cha kumi na nne, siku ya kwanza baada ya mapumziko ya Idi, Tarmuji alihisi kijiko kikigonga kitu kama kizingiti. Alisimamisha mashine, akapiga simu, akasema hapa pana kasoro, naomba mpima aje. Akajibiwa kwamba mpima yuko kazi nyingine. Akasema basi niteremke nipime kwa mikono yangu. Meneja akamwambia kampuni haikufunga mtambo wa bei ile ili ije kusikiliza kiuno cha dereva.

"Fuata skrini," alimwambia.

Akaifuata. Siku kumi na saba aliifuata, rangi ya kijani, mlio mmoja mrefu. Leo aliyemwamuru aifuate ndiye anayemwita mwizi kwa kuifuata.

Alirudi nyumbani akainama mlangoni, kwa maana nyumba yao, kama nyumba zote za pale, imeinuliwa sakafu mara tatu na paa limebaki palepale. Mtu mzima huingia kama anayesujudu. Maji yalikuwa kifundoni. Warsini alikuwa amepandisha jiko juu ya meza na anakaanga tempe ya soya kwa hasira, mafuta yanaruka. Hakumuuliza kama ni kweli. Alimuuliza tu kwa nini alivua helmeti.

Kabla ya adhuhuri maneno yalikuwa yameshafika kwenye kibanda cha kahawa. Tarmuji alipopita, mmoja wa wanaume akainua glasi yake akasema, "Pak Muji, tumiminie robo lita, ya pikipiki." Wakacheka, na si kwa ubaya sana. Lakini yeye alihisi sikio la kushoto linawaka moto, akaendelea kutembea na mti mrefu wa mwanzi begani, mkewe nyuma.

Mwanzi ule alikuwa ameutia alama za kisu kila upana wa vidole vinne. Maji yaliyotuama hayana upande, juu yake ni sawa kila mahali, kwa hiyo ukitumbukiza mti ukasoma, unajua chini kukoje bila kuhitaji umeme. Kigingi cha kumi, akasoma. Cha kumi na mbili, kina kimeongezeka kidogo, kama inavyotakiwa. Cha kumi na tatu, kimeongezeka tena. Cha kumi na tano, kina kimepungua ghafla, shubiri nzima. Warsini alidhani amesoma vibaya, akauchukua mti na kusoma mwenyewe. Shubiri. Wakaenda hadi karibu na lango la bahari, mtaro unapoishia, na kila walipotumbukiza upungufu ulikuwa shubiri ileile.

Tarmuji alikaa kwenye tuta, miguu ndani ya maji. Alimweleza mkewe kwamba mwizi wa dizeli huchimba ovyo, hapa kina, hapa kifupi, kutegemea anaangaliwa au haangaliwi. Sakafu ile ya mtaro ilikuwa imenyooka kama meza ya fundi. Kosa lililo sawa kutoka mwanzo hadi mwisho halitoki mkononi. Linatoka kwenye sifuri.

Walimkuta Mbah Kasinem msikitini, anasukuma maji nje kwa ufagio. Tarmuji aliitazama ngazi ya chini, na alama nyekundu juu yake, safi, imenyooka. Akaitazama saruji. Ilikuwa na rangi ya majivu mabichi. Mara ngapi ameipita? Aliporudi kutoka kwao Wonogiri, alikokwenda kufanya Idi kwa mama yake mzazi, aliona ngazi imeinuliwa na sakafu ya ndani imeinuliwa, akavua viatu akaingia kuswali. Kijiji kizima huinuliwa kila mwaka kabla ya Idi. Nani huulizana?

Akamuuliza mama mkwe, kwa sauti ya adabu, ile alama aliipiga nani.

Bibi alinyooka, akashika kiuno. Alieleza kwa fahari. Watu walipoleta matofali ya kuinua ngazi, mistari miwili, aliona alama ya mpima inakwenda kufukiwa. Aliwakataza. Waliposema haiwezekani, aliifunika kwanza kwa mfuko wa mbolea ili saruji isiichafue, halafu ngazi ilipokauka akatafuta rangi nyekundu iliyobaki kwenye mlango wa kaka yake, akaipiga upya juu, mahali palepale, akipima urefu kwa vidole.

"Ni mali ya watu," alisema. "Ningeiacha ipotee, wangetuonaje?"

Tarmuji alipapasa ukingo wa ngazi kwa kidole. Bibi akamtazama usoni, kisha akamtazama binti yake.

"Nimefanya nini?"

"Hakuna, Mama," Tarmuji akasema. "Umefanya vizuri."

Njiani Warsini alimjia juu. Alisema ampigie simu meneja sasa hivi. Tarmuji akakataa. Alisema wataandika jina la mama kwenye karatasi, watasema watu wa Karangsegoro wameharibu alama, kampuni itabeba mashine zake na kijiji kitabaki na maji yake. Afadhali jina moja lichafuke. Warsini akamwambia jina hilo na watoto wanalitumia, aache kuligawa kama lake peke yake.

Asubuhi Pak Wibisono alikuja na dereva mpya, na kitu cha kwanza walichosikia ni nyundo. Mbah Kasinem alikuwa amechuchumaa nyuma ya msikiti, patasi mkononi, anabomoa ngazi. Watu walikuwa wamejaa. Tarmuji alikuja anakimbia, akajaribu kumwinua. Bibi akamsukuma kwa kiwiko. Alikuwa ameshaambiwa, na aliyemwambia, Warsini, alisimama pembeni, amefumbata mikono, hamtazami mumewe.

Tofali la mwisho lilitoka. Chini yake palikuwa na mfuko wa mbolea, umekunjwa vizuri kama kitambaa cha sanduku. Bibi aliukunjua. Alama ya kwanza ilikuwa pale, nyekundu, na tarehe ya mpima kando yake kwa kalamu nyeusi.

Pak Wibisono alichukua futi mwenyewe, akapima kutoka alama ile hadi ukingo wa saruji uliobaki ukutani, kimo cha alama ya pili. Sentimita ishirini na mbili, shubiri nzima. Alipima mara ya pili. Dereva mpya alirudi nyuma hatua moja, akawa anatazama viatu vyake.

"Nani amechezea alama?" meneja akauliza.

"Mimi," Mbah Kasinem akasema. "Wewe ulitaka niiache chini mpaka iwe ngazi ya samaki?"

Kuna waliocheka. Tarmuji hakucheka. Kwa mara ya kwanza tangu jana, sauti yake ilitoka kamili. Alimuuliza meneja ni mpima gani anayefika kwenye kijiji kinachozama, ambako kila mtu anainua kizingiti chake kabla ya Idi, halafu anatafuta mahali pa kuweka sifuri na kuiweka kwenye ngazi. Alimuuliza kama mpima yule aliuliza mtu yeyote. Alimuuliza ile simu ya kigingi cha kumi na nne imeandikwa wapi kwenye karatasi yake.

Meneja alikunja karatasi mara mbili, akaitia mfukoni. Alianza kuzungumza kwa upole, kama mtu anayepanga vyombo asivivunje. Bibi hatatajwa. Ripoti itasema ni hitilafu ya mtambo. Nusu ya pili itachimbwa upya, na alama itawekwa kwenye nguzo ya lango la bahari, iliyosimikwa hadi kwenye udongo mgumu. Pak Muji arudi kazini leo hii, na dereva huyu atapelekwa kwingine. Akatoa ufunguo, akaunyoosha.

Tarmuji hakuupokea.

Meneja akaongeza kwamba kila nyumba iliyoingiwa na maji itapewa gunia la mchele. Akaongeza kwamba mwaka ujao kuna mtaro mwingine, na atakayepewa ni yeye. Mkono uliendelea kunyooka, ufunguo unaning'inia. Watu wa kibanda cha kahawa walikuwa pale wote, hata yule wa robo lita, na maji yalikuwa yameanza tena kupanda kwenye nyayo zao, kimya, bila wimbi.

"Pak Muji, nimekupa kila kitu," meneja akasema. "Sasa unataka nini?"

Tarmuji alimtazama mama mkwe wake, aliyekuwa bado amechuchumaa, magoti yamejaa unga wa saruji. Akainama, akamshika mkono, akamwinua mpaka akasimama sawasawa.

"Jana ulisema mbele yao," akasema. "Nataka useme tena, mbele yao, kwamba sikuiba."