Jina la Mama Loisi

Kefa Masima hakuwa na ofisi. Hakuwa na kiti. Kile alichokalia kilikuwa cha mhadhiri aliyekwenda masomoni, na kila aliyeingia alimkumbusha asikizoee. Hakuwa na ufunguo wa kabati, hakuwa na viatu vya pili vya kazini, hakuwa na shahada ya uzamili, hakuwa na sauti nzito ya kutuliza darasa. Hakuwa na mke, ingawa baadhi ya ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kufika Hombolo na tarehe ya harusi ilikuwa inazungumzwa. Hakuwa na barua ya kuthibitishwa kazini. Hiyo angeipata, au angeikosa, mwisho wa kipindi chake cha majaribio. Na zaidi ya yote hakuwa na utulivu. Alikuwa mtu wa kuinuka kabla hajakaa vizuri.

Alichokuwa nacho tele ni maelekezo. Mwanzoni mwa muhula mkuu wa idara, Dk. Respicius, mtu wa Kagera anayefunga vifungo vyote vya shati hata jua la Dodoma likiwaka, aliwakusanya wakufunzi wasaidizi wapya. Hao ni vijana waliofaulu vizuri shahada ya kwanza, wakabakizwa chuoni kusaidia kufundisha.

"Mhadhiri anaongea na ukumbi mzima, kisha anaondoka," aliwaambia. "Ninyi ndio mnaomjua mwanafunzi kwa sura. Mtaongoza semina. Mtasahihisha majaribio na kuyarudisha kwa wakati. Mtasimamia mitihani bila kuchezea simu. Mwanafunzi akija kuwaona, mlango ubaki wazi. Kwenye semina kila mmoja aulizwe, kila mmoja ajibu, kila mmoja apewe alama ya alichosema. Asiye na alama za semina haingii chumba cha mtihani. Na mwenye ndugu, mchumba au mkwe katika kundi lake, aniambie kwa maandishi kabla hajaanza. Mmesikia?"

"Tumesikia."

"Hata ukuta unasikia. Someni majina ya makundi yenu, kisha mtie sahihi kwamba hamna ndugu humo."

Kefa aliyasoma majina yote kwa kidole, kama mtu anayechambua mchele. Penina Chilongani lilikuwamo, akalipita kama alivyoyapita mengine. Akatia sahihi.

Wasiojua desturi za Ugogoni watashangaa. Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali chakula naye, hakai naye chumba kimoja; wakikutana njiani mmoja huacha njia akapita porini. Wala jina lake halimtoki mdomoni. Tangu posa ianze, watu wote wa nyumbani kwa mchumba wake, Loisi, walisema "Mama Loisi" na si zaidi. Kefa alijua kwamba ni mwalimu wa shule ya msingi huko Hombolo, alijua kwamba ana shamba la zabibu, na Loisi alikuwa amemdokeza kwamba mama amepata ruhusa ya kwenda kusoma mjini. Chuo gani, hakuuliza. Jina lake nani, na la baba yake analolitumia, hakuuliza pia. Kuuliza kungekuwa utovu wa adabu.

Basi siku ya semina ya kwanza ya Saikolojia ya Elimu alisimama mbele, akaita majina.

"Penina Chilongani!"

Upepo ulikuwa unapiga madirisha, akadhani hajasikika.

"Penina Chilongani! Yupo au hayupo?"

"Yupo," ilijibu sauti ya taratibu kutoka nyuma.

Kefa akainua macho, akamwona mama yake Loisi. Alikuwa amevaa gauni la kitenge, na mtandio ameuvuta mpaka shavuni. Mara mbili alikuwa amemwita mkwe wake kwa jina, tena kwa sauti ya kuitia mbuzi, mbele ya vijana wenye umri wa wanawe.

Desturi ilimtaka atoke chumbani papo hapo. Kazi ilimtaka abaki. Alikwenda hadi mlangoni, akarudi, akafungua dirisha, akalifunga. Mama Loisi naye alinyanyua kiti chake kimyakimya akakihamishia nyuma ya nguzo, na kuanzia hapo hakuna aliyeuona uso wa mwenzake.

"Ticha, unatafuta chaki?" aliuliza Stanley, kijana wa mstari wa mbele aliyependa kuchokoza. "Siku hizi tunatumia kalamu, na unayo mkononi."

Darasa likacheka. Kefa akafundisha semina nzima akitazama dirishani.

Wiki zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Aliuliza maswali kulia, akauliza kushoto, lakini nyuma ya nguzo hakuuliza. Mama Loisi naye hakunyoosha mkono. Angewezaje kumnyooshea mkono mkwe wake? Kijana aliyesema upuuzi alipata alama ya upuuzi wake, na aliyesema la maana alipata zaidi. Mbele ya jina la Penina Chilongani nafasi ilibaki nyeupe. Kefa aliita hiyo heshima. Mvua za kwanza zilinyesha, vilima vikageuka kijani, na nafasi ile bado ilikuwa nyeupe.

Mwenzake wa meza moja, katika chumba cha wakufunzi, alikuwa Khalidi, Mrangi wa Kondoa, mkufunzi msaidizi kama yeye. Huyo ndiye aliyeambiwa kwanza.

"Sasa shida iko wapi?" Khalidi alisema. "Andika haraka kwa mkuu."

"Nilitia sahihi kwamba sina ndugu. Tathmini yangu ya majaribio ni mwezi huu. Ataniona mwongo."

"Ulikuwa hujui."

"Nani atakubali kwamba mtu hajui jina la mama wa mchumba wake?"

Khalidi akafikiri, akacheka. "Mimi nisingekubali. Ninyi Wagogo mna mambo. Basi mpe alama za katikati, si nyingi, si chache. Tena mahari hujamaliza. Kwa sheria huyo mama bado si mkwe wako."

Maneno hayo yalimpa Kefa nafuu ya siku chache. Si mkwe bado, alijiambia akipanda kilima asubuhi. Si mkwe bado, alijiambia akishuka kwenda mtaa wa Kikuyu, alikopanga chumba. Lakini kama si mkwe, mbona hakuweza kumuuliza swali? Na kama ni mkwe, mbona hajaandika? Alianza kukosa usingizi, na chakula akawa anakila amesimama. Jioni moja alifungua karatasi ya alama, akaweka kalamu penye nafasi nyeupe ili aandike ile alama ya katikati. Akaiondoa. Angeandika alama ya neno gani? Mama yule hakuwa amesema neno.

Siku tatu kabla ya alama kupelekwa kwa mkuu wa idara, saa za kuonana na wanafunzi, mlango ukiwa wazi kama ilivyoagizwa, hodi ilipigwa kwenye fremu. Kefa aliitambua sandali kabla ya mtu. Akaruka nyuma ya kabati.

"Karibu, mama. Shikamoo," alisema Khalidi.

"Marahaba, mwanangu. Siingii. Nitasema nikiwa hapa nje. Mwenzio yupo?"

Khalidi akatazama kabati. "Yupo na hayupo."

"Inatosha. Basi mwambie hivi. Nimeona orodha ya awali ya wanaoelekea kuzuiwa mtihani, jina langu limo."

"Anasema atazuiwa mtihani," Khalidi aliliambia kabati.

"Nimesikia," kabati likajibu.

"Mwambie ruhusa yangu ya masomo ni ya mwaka huu. Nikizuiwa, narudi Hombolo mikono mitupu, na halmashauri hainipi nyingine. Zabibu zangu nimemwachia mtu asiyejua hata kukata matawi, kwa ajili ya masomo haya."

"Anasema..."

"Khalidi, nimesikia."

"Mwambie asije akaniwekea alama za huruma. Nimefundisha darasa la kwanza tangu yeye hajajua kujifuta kamasi. Mtoto niliyempa alama za bure hakujua kusoma mpaka akaoa. Mimi nataka kuulizwa swali kama wengine, nijibu, nikosee kama nitakosea. Yeye hawezi kuniuliza, naelewa. Hata mimi siwezi kumjibu. Nguzo ile imenichosha shingo. Basi anipeleke kwa mtu anayeweza."

Khalidi alikuna kichwa.

"Mama, akifanya hivyo yeye ndiye atakayeumia. Kuna karatasi alitia sahihi."

"Ya kwamba hana ndugu?"

"Ndiyo."

Mama Loisi aliposema tena, sauti ilikuwa imeshuka. "Mwambie nilijua siku ile ile kwamba hakulijua jina langu. Mtu anayelijua hawezi kuliita kwa nguvu namna ile. Nilicheka njia nzima mpaka Chang'ombe ninakokaa. Mwambie pia kwamba mimi ninayemtoa mwanangu nataka kumpa mtu anayesema mambo yake mapema, si anayejificha nyuma ya makabati. Kwaheri."

Sandali zikaenda. Kefa akatoka na utando wa buibui begani.

"Bibi huyu," Khalidi alisema, "angekuwa mkwe wangu ningehama mkoa."

Kefa hakucheka. Alimpigia Loisi, ambaye alikuwa muuguzi Mpwapwa, akamweleza yote akitembea koridoni huku na huko.

"Unamwogopa nani zaidi," Loisi aliuliza, "mama au huyo mkuu wako?"

"Wote."

"Mama amekwisha kusema. Sasa amebaki mmoja."

"Nikikosa kuthibitishwa, Loisi, harusi itakuwaje?"

"Itakuwa na bwana harusi asiye na kazi. Wapo wengi. Ila mama akikosa mtihani kwa sababu yako, mimi nitaingiaje nyumbani kwetu na wewe?"

Alikwenda moja kwa moja kwa Dk. Respicius, akaanza kueleza akiwa mlangoni, maneno yakigongana. Mkuu aliinua kiganja.

"Hili ni jambo la kazi?"

"Ndiyo, daktari."

"Basi liandike. Nilisema nini siku ya kwanza? Ukiniambia kwa mdomo, kesho wewe utakumbuka hivi na mimi nitakumbuka vile. Nenda."

Akarudi mezani. Karatasi ya kwanza aliichana, kwa kuwa ilianza na kujitetea. Ya pili ilijaa mila za Wagogo kama kitabu cha shule, nayo akaichana. Ya tatu ilikwenda sawa mpaka alipofika mahali pa kumtaja mhusika. Kalamu ikasimama. Aliandika "mwanafunzi mmoja", akakata. Aliandika "mama wa mchumba wangu", akakata; mkuu hangeweza kumtafuta mtu kwa maneno hayo. Aliinuka, akazunguka meza, akakaa.

"Andika tu," alisema Khalidi bila kuinua kichwa. "Karatasi haina masikio."

Akaandika: Penina Chilongani. Aliandika kwamba huyo ni mama mkwe wake mtarajiwa, na kwamba alitia sahihi bila kulijua jina lake. Aliandika kwamba tangu siku ya semina ya kwanza alijua, akanyamaza, na kunyamaza huko ni kosa lake mwenyewe. Nafasi nyeupe, aliandika, ilitokana na mkufunzi asiyeuliza. Mwanafunzi hakukataa kujibu. Aliomba mtu mwingine amuulize maswali yote ya muhula kabla ya mtihani, na ampe alama anazostahili, ziwe nyingi au chache. Kuhusu tathmini yake hakuomba kitu.

Aliisoma mara moja, akaikunja, akaiingiza katika bahasha. Vumbi la Dodoma lilikuwa limemkausha ulimi, ikabidi anywe maji ndipo gundi ilowane. Akaibana kwa kiganja, akaandika juu yake SIRI, akaipeleka masijala.

"Ya haraka?" aliuliza Nasra, karani wa masijala.

"Ya leo, dada."

"Mbona umeishika bado?"

Kefa akaiachia. Nasra akagonga mhuri, akampa tarishi aliyekuwa anaondoka na majalada. Tarishi akaibana kwapani, akapanda nayo ngazi kwenda kwa mkuu wa idara.