Gari Lililokula Oili

Moshi wa buluu ulitufuata mpaka gereji, kama mbwa aliyezoea kulishwa. Baba alishika usukani, mama alikaa pembeni yake, mimi nyuma nikitafuna kucha. Tangu tutoke nyumbani hakuna aliyemsemesha mwenzake, na mimi kimya hakijawahi kuniacha nitulie. Nilifungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua tena.

Teksi ile ilikuwa yao wote wawili. Baba aliiendesha mchana, mama jioni. Zamani walikabidhiana ufunguo mlangoni kwa utani na umbea wa abiria. Kisha wakagombana, kwa jambo ambalo hadi leo kila mmoja analisimulia kivyake, na ufunguo ukaanza kuning'inia msumarini. Mimi, mtu mzima mwenye kazi yangu, nikageuzwa tarishi.

"Mwambie baba yako gari linakula oili."

"Mwambie mama yako nimeona."

Baba akaamua liuzwe. Mama akajibu, kupitia kwangu, kwamba siku litakapouzwa atahamia kwa kaka yake, maana hakutakuwa na cha kumbakiza pale. Hakuwa anatania, sanduku lilikuwa limeshateremshwa kutoka juu ya kabati. Ndiyo maana niliwaburura wote wawili kwa fundi. Niliogopa, niseme nini tena? Niliogopa kama mtoto mdogo.

Fundi alikuwa mcheshi, kitambaa begani. "Injini ikila oili, mara nyingi ringi za pistoni zimelika," alisema. "Hapo tunafumua injini nzima."

Baba akaguna. Maji yalikuwa yamezidi unga. Mimi nikaanza kulizunguka gari, mara kulia, mara kushoto, hadi fundi akaniomba nimpishe.

Akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa imepanda juu kabisa ya alama ya mwisho.

"Hili halina kiu, limezama! Oili ikizidi inarushwa juu, inaungua. Nani anaongeza?"

"Mimi," alisema baba. "Kila asubuhi."

"Mimi," alisema mama, karibu kwa pamoja. "Kila jioni."

"Bila kupima?"

"Si moshi nauona?" mama alisema. "Nikajua imekwisha."

Fundi alicheka mpaka akaegemea boneti. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama!" Alicheka peke yake. Baba alikuwa amemgeukia mama, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nilidhani hulijali tena," alisema.

"Nami nilidhani wewe ndiye hulijali."

Fundi akaipunguza oili ndani ya beseni. Moshi ukiisha njiani, alisema, injini ni nzima. Usipoisha, turudi aifumue.

Safari yote nilikaa nimegeukia kioo cha nyuma, shingo ikiniuma. Mwanzoni moshi ulikuwepo, moyo wangu ukawa juu juu. Halafu ukawa mwembamba. Tulipokaribia nyumbani niliona barabara tu, na watu wakivuka.

"Kesho nitapima kabla ya kutoka," alisema baba, macho mbele.

Kwa mazoea niliinama kati ya viti ili niupeleke ujumbe.

"Nimesikia," alisema mama. "Ukishapima, niambie."

Nikarudi nyuma, nikaegemea kiti.