Marumaru ya Mzee Semboja

Mzee Semboja alipostaafu kazi kwenye kituo cha umeme cha Hale, wenzake walidhani atanunua shamba la machungwa, au angalau pikipiki mbili za kukodisha. Yeye akatandika marumaru. Alitandika sebule, korido, vyumba vitatu, jiko na choo, akamalizia na kibaraza. Marumaru nyeupe, zenye kung'aa, zinazoteleza kama kambare. Nyumba yao ipo Korogwe mjini, upande wa Manundu, na kabla ya hapo ilikuwa nyumba kama nyumba nyingine. Baada ya hapo ikawa ikulu, na ikulu haikosi sheria.

Sheria ilikuwa moja: kiatu hakiingii. Na alipotamka kiatu, mzee alimaanisha ndala, yeboyebo, makubazi, hata soksi zilizokwisha kukanyaga kibaraza. Mtu aingie na nyayo alizozaliwa nazo, tena azipanguse kwanza kwenye tambara.

Dorkasi, mkewe, mwanzoni hakuona ubaya. Kwao Vugiri watu wamekuwa wakivua viatu mlangoni tangu zamani, kwa sababu mvua ikinyesha ule udongo wa mlimani unaganda kwenye soli kama ukoko kwenye sufuria. Kuvua viatu ni adabu. Lakini adabu aliyoijua yeye ilikuwa kwa ajili ya watu, na hii ya mumewe ilikuwa kwa ajili ya sakafu. Ilimchukua miezi kadhaa kuitambua tofauti hiyo, na alipokwisha kuitambua hakuweza tena kuisahau.

Mchungaji Abraham alipokuja kuwaombea, alivua viatu mlangoni, akaambiwa avue na soksi. Akaomba kwa ufupi siku hiyo, huku amekunja vidole vya miguu chini ya kochi kama mtu anayeficha deni. Fundi aliyekuja kutengeneza feni alikataa katakata kushika nyaya akiwa pekupeku, akaondoka, na feni ikabaki inaning'inia mwaka mzima. Mzee Semboja alisema mafundi wa siku hizi hawana nidhamu. Huyo ndiye mtu aliyekaa miaka ishirini na tisa kwenye umeme.

Halafu ikaja masika. Dorkasi alikuwa anatoka jikoni na sinia la chai, akakanyaga maji kidogo tu, miguu ikamkimbia. Alianguka kwa kiuno, kishindo kikasikika mpaka kwa jirani. Mumewe akatoka chumbani mbio.

"Imepasuka?" aliuliza.

"Sidhani," Dorkasi alijibu, machozi yakimlengalenga. "Naona kiuno kimeteguka tu."

"Nauliza marumaru, Mama Julius."

Haikupasuka. Dorkasi alikaa wiki mbili akitembea ameshika ukuta. Jioni moja alimwomba mumewe ruhusa ya kuvaa ndala ndani, ndala mpya kabisa, ambazo hazijawahi kutoka nje. Mzee alikunja uso kama hakimu, akasema ukifungua mlango kwa mmoja, kesho utawaona wote wamejaa ndani. Dorkasi alitazama huku na huku. Julius, mtoto wao wa pekee, yuko Arusha. Hao wote walikuwa yeye.

Mwezi wa sita Semboja aligundulika ana sukari. Akawa anahudhuria kliniki kila mwezi, na hakutaka kusindikizwa, kwa hoja kwamba yeye si mtoto. Siku ya kwanza alirudi na karatasi imekunjwa mfukoni mwa shati.

"Wamesemaje?" Dorkasi aliuliza.

"Nipunguze ugali."

"Basi?"

"Na nitembeetembee."

Dorkasi akapunguza ugali. Mzee akatembeatembea: sebuleni, koridoni, jikoni, kurudi sebuleni, pekupeku kama kawaida yake, mikono nyuma, akikagua. Mlangoni mwa choo kulikuwa na marumaru iliyobanduka kipande, ukingo wake ukawa mkali kama wembe. Dorkasi alimwonyesha mara tatu. Mara ya tatu mzee alimwambia watu wajifunze kuinua miguu.

Jumamosi moja akaja Mbwana, rafiki wa Semboja wa tangu ujana. Walianza kazi pamoja pale Hale, ila Mbwana hakuyaweza mambo ya kupigiwa king'ora cha zamu. Akaacha, akarudi kwao Sindeni, Handeni, kulima mahindi na mbaazi. Alikuja na gunia la mbaazi mbichi na jogoo mmoja mwenye hasira. Jogoo akafungwa nje. Mbwana akavua makubazi yake mwenyewe bila kuambiwa, maana anamjua mwenyeji wake.

"Msikitini navua kwa ajili ya Mungu," alimwambia Dorkasi, akipangusa nyayo. "Hapa sijui navua kwa ajili ya nani, shemeji."

"Ingia tu, shemeji," Dorkasi alisema. "Na mimi sijaambiwa."

Miguu ya Mbwana ilikuwa miguu ya mkulima: magaga yamepasuka kama tope la kiangazi, na wekundu wa udongo wa Sindeni umeingia kwenye nyufa kiasi kwamba hata sabuni imekata tamaa. Semboja aliiona. Akamkaribisha mgeni kwenye kiti kilicho karibu kabisa na mlango.

Walikula, wakanywa chai, wakasengenya wenzao waliobaki kazini na wale waliokwisha kufa. Semboja akaenda chooni, akarudi. Akaenda jikoni kuongeza maji ya kunywa, akarudi. Ndipo alipoinamisha macho akaona doa jekundu sakafuni. Karibu yake kulikuwa na jingine, na mbele yake jingine.

Alisimama katikati ya sebule. "Nani kachafua hapa?"

Akanyoosha kidole kwenye lile doa la kwanza.

"Nimeuliza. Mama Julius, umemwaga nini?"

"Nimekaa hapa tangu saa saba," Dorkasi alisema. "Ningemwagaje?"

Semboja akamgeukia mgeni. Akaitazama ile miguu, akalitazama lile doa jekundu, akapiga hesabu yake. "Mtani," alisema kwa sauti ya mtu anayejaribu kuwa mstaarabu, "tambara liko pale mlangoni. Labda hukupangusa vizuri."

Uso wa Mbwana ulibadilika. Wazigua wa kina Mbwana na Wasambaa wa kina Semboja wanataniana tangu enzi, wanaambiana maneno ambayo wengine wangeshikana mashati, lakini kila utani una mpaka wake, na Mbwana alijua huu si utani. Alinyanyua mguu wa kulia, akauonyesha. Akanyanyua wa kushoto. Yote miwili ilikuwa mikavu kama kuni.

"Udongo wa kwetu hauchuruziki, mtani," alisema.

Basi mzee akaanza upelelezi. Alifuata madoa kutoka sebuleni, ameinama, kidole kimenyooka. Yalipita koridoni. Yalifika mlangoni mwa choo. Akarudi nayo mpaka jikoni, akaona ndiko yalikozidi. Na kila alipopita yaliongezeka. Alikwenda na kurudi mara mbili, akinung'unika kwamba watu wengine wanakaribishwa kwenye usafi lakini usafi haumo damuni mwao. Dorkasi alikuwa amekwisha kusimama. Alikuwa ameona anachokiona Mbwana.

"Semboja," Mbwana aliita taratibu. "Hebu inua mguu wako."

"Mguu wangu una nini?"

"Uinue."

Mzee aliuinua ule wa kulia, ameshika kochi kwa kiburi, kama mtu anayethibitisha kutokuwa na hatia mbele ya baraza. Chini ya unyayo kulikuwa na mkato unaolingana na urefu wa kidole, kipande cha marumaru nyeupe kimechomeka humo, na damu inadondoka tik, tik, kwenye sakafu iliyopigwa deki asubuhi ile.

Semboja alikitazama. "Mbona siumii?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi sauti yake ilikuwa ndogo.

Bodaboda ilimpeleka hospitali, Mbwana nyuma yake akimshikilia, Dorkasi kwenye nyingine akiwafuata. Nesi wa kliniki ya sukari, Grace, mwanamke wa makamo asiyepoteza maneno, aliwasalimia shikamoo, akausafisha mguu, akautazama vizuri, akauliza swali moja.

"Mzee, nilikwambia nini mwezi wa sita?"

Semboja akakohoa.

"Nilikwambia sukari imeua hisia za miguu yako," Grace aliendelea. "Nikakwambia usitembee pekupeku, hata ndani, hata kwenda chooni. Viatu laini, vilivyofunika vidole. Ukague miguu kila jioni. Nikakupa na karatasi imeandikwa kila kitu. Iko wapi?"

"Ipo," alisema mzee.

Dorkasi alimtazama mumewe kwa muda mrefu. Alikumbuka ule ugali aliompimia kwa kijiko miezi yote hiyo, yeye mwenyewe akila uji kumfariji, kumbe dawa ilikuwa kuvaa viatu. Mtu huyu alikuwa ameambiwa achague kati ya mguu wake na sakafu, na alichagua sakafu bila hata kumshirikisha mtu. Mbwana akatikisa kichwa. "Mficha maradhi," alianza, kisha akaona hali ya shemeji yake, methali akaimeza.

Tena ule mkato ulikuwa mgeni tu. Mwenyeji alikuwa kidonda kingine, katikati ya kidole cha mwisho na mwenzake, kilichokaa humo wiki nyingi bila mtu kukisikia. Mkato ulipona. Kidonda kilikataa. Wiki tatu baadaye kidole kidogo cha mguu wa kulia kilikatwa, na daktari akasema mshukuruni Mungu ni kidole.

Mtu angefikiri somo limeingia. Semboja alirudi nyumbani na viatu vipya, vyeusi, vipana, laini, alivyoletewa na Julius kutoka Arusha. Akavivaa sebuleni, akatembea kwa mkongojo kutoka ukuta hadi ukuta. Dorkasi alivivua vyake mlangoni kwa mazoea, akasubiri kusikia sheria imefutwa.

"Hivi havijawahi kukanyaga nje," mzee alitangaza. "Ni vya ndani. Kwa hiyo, ukitazama kwa undani, si viatu. Ni dawa."

"Na sisi wengine?"

"Ninyi mna vidole vyote."

Dorkasi akageuka kurudi mlangoni. Alivaa vyake tena, akachukua kikapu, akaenda sokoni. Alirudi na pea kumi na mbili za ndala, kubwa na ndogo, za kila rangi ambayo muuzaji alikuwa nayo, za soli yenye meno, zisizoteleza. Akazipanga ndani ya mlango kama wanafunzi mstarini. Akavaa za bluu. Akatembea juu ya marumaru, pa, pa, pa, mpaka mbele ya kiti cha mumewe, kiuno kimenyooka.

"Viatu vya nje vitabaki nje," alisema. "Hilo nakubali, ni usafi. Ila anayeingia humu, awe mchungaji, awe fundi, atavaa hizi."

"Zitaacha alama!"

"Nitadeki. Ila nisikilize, Baba Julius. Kidole chako kimekatwa, na hukupewa kingine. Mimi kiuno changu ni hikihiki. Marumaru dukani zimejaa."

Semboja aliinua mkongojo apinge. Akautazama mguu wake, ule uliopungua, akauweka mkongojo chini. Kwa siku tatu alikaa akisikiliza pa, pa, pa kwa uchungu wa mtu aliyepinduliwa. Siku ya nne akaja fundi wa kubandua ile marumaru ya mlangoni mwa choo. Dorkasi alikuwa uani anafua, akasikia sauti ya mumewe kutoka sebuleni:

"Wewe unavaa namba ngapi, kijana? Chukua hizo za kijani. Humu ndani hatutembei pekupeku. Ni hatari sana kiafya. Wengi hawajui."

Dorkasi aliacha kufua, povu mikononi, akacheka peke yake mpaka akakaa chini.

Tangu hapo hakuna aliyeweza kumzuia. Mbwana alipokuja tena kutoka Sindeni alipewa mhadhara mlangoni, dakika kumi nzima, juu ya magaga na namna ya kuyapaka mafuta. Alisikiliza kwa heshima, akachagua ndala nyekundu, akamnong'oneza Dorkasi, "Shemeji, ile sheria ya kwanza ilikuwa fupi."

Na kliniki mambo yalikuwa yaleyale. Mwezi wa kumi na moja Dorkasi alikwenda naye; siku hizi hamwachi aende peke yake hata kama atanuna. Alitoka dirisha la dawa akamkuta mumewe amesimama mbele ya benchi la wagonjwa, mkongojo hewani, anawaeleza wanakijiji kutoka pande zote kwamba nyumbani kwake hakuna anayekanyaga chini bila kitu mguuni, na kwamba utaratibu huo aliuanzisha mwenyewe baada ya kutafakari kwa kina.

Nesi Grace alikuwa mlangoni, faili kifuani. "Mama, mzee anatusaidia kazi leo," alisema. "Anasema ameanza zamani."

"Zamani kweli," Dorkasi alijibu. "Mwezi uliopita."

Akauweka mfuko wa dawa begani, akamwita mumewe, akamwambia jua linapanda na mboga bado haijanunuliwa. Mzee Semboja akamwomba asubiri kidogo, maana kuna mama mmoja wa Hale pale mwisho wa benchi alionekana hajaelewa vizuri.