Nyumba Isiyolalwa

Filemoni alipofungua mlango wa nyumba ya Bwana Holdeni, harufu ilimpiga usoni: ukungu, dawa ya nondo, na manyoya ya mbwa aliyekufa zamani. Kila mwaka ilikuwa hivyo. Bwana Holdeni aliishi kwao Uingereza, na nyumba hii ya matofali, juu ya kilima nje kidogo ya Njombe, ilikuwa ya likizo tu. Akishaondoka ilifungwa, na Filemoni, mlinzi wake, hakuruhusiwa kuingia hata mvua ya mawe ikinyesha. Nyumba nzuri namna ile, ina vyumba vya kumwaga, inajiozea bila mtu! Filemoni kila akiiwaza alitema mate.

Yeye na mama yake, Esteria, walilala chini ya kilima, katika nyumba ya udongo iliyoezekwa nyasi, kando ya shamba la miti ya miwati. Haikuwa na cha kujivunia isipokuwa moto. Esteria alipewa moto huo na mama mkwe wake, ndani ya gae la chungu, siku alipoolewa, na tangu siku hiyo hakuuacha uzimike. Usiku aliufukia majivuni, asubuhi akaufukua. Katika ukoo wao moto ulipo ndipo nyumbani, na ukitaka kuhama unahama nao. Viberiti Esteria aliwaachia wavuta sigara.

Mwaka ule Bwana Holdeni alikuja na jambo jipya: bima. Mzungu mwenzake wa upande wa Mufindi alikuwa ameunguliwa nyumba, na yeye akaingiwa na hofu. Shida ni kwamba hakuna kampuni iliyotaka kukatia bima nyumba inayokaa tupu mwaka mzima. Wakala wa bima alikuwa amefikia hotelini Makambako, na siku iliyofuata angekuja kukagua.

"Wewe iko lala ndani kila siku," Bwana Holdeni akamwambia Filemoni. "Wewe na mama yako. Yeye nauliza, wewe nasema ndiyo."

Filemoni akasema ndiyo. Alikuwa amesoma shule ya misheni, Kidugala, amri kumi zote anazo kichwani, na bado akasema ndiyo, maana kazi aliihitaji.

Basi vikaletwa vitu vyao juu, chumba cha nyuma kionekane kinalalwa: mikeka, sufuria, shuka la Esteria. Shuka hilo Bwana Holdeni alilinyanyua kwa koleo la moto, akalishika mbali na mwili kama mtu anayetoa panya mfu. Lilikuwa limefuliwa mtoni, linanukia jua! Kinyaa kilimpanda Filemoni hadi kooni, na hakujua kilichomchefua zaidi, mzungu na koleo lake au yeye mwenyewe aliyesimama kimya kumwangalia.

Wakala alikuwa kijana mwembamba, mpole, aliyejifunza Kiswahili Tanga na kukisema vizuri. Alisimama kidogo mlangoni, akavuta pumzi, kisha akazunguka vyumba vyote.

"Mnalala humu?" akamwuliza Filemoni.

"Ndiyo, bwana." Mate yakawa machungu kinywani.

Wakala akatoka nje, akatazama bondeni. "Na ile inayofuka moshi kule chini?"

"Stoo tu," Bwana Holdeni akadakia.

"Nyasi na moto, karibu hivi? Upepo mmoja wa kiangazi na huku juu hakibaki kitu. Ibomolewe leo, niione iko chini kabla sijaondoka. Na kwa kuwa wenyewe wanalala humu ndani, hakuna atakayeumia."

"Bomoa," Bwana Holdeni akasema, bila hata kumtazama Filemoni.

Kusema kweli sasa kulikuwa kujiita mwongo mbele ya watu, na kumwita bwana wake mwongo. Filemoni akateremka kilima. Alimkuta mama yake anachambua maharage.

"Mama, wanakuja kubomoa. Nimemwambia mtu wa bima kwamba tunalala kule juu."

"Umesema kwa kinywa chako?"

"Kwa kinywa changu, mama."

Esteria alimtazama sana. "Sikukuzaa uwe mwongo, baba. Twende tukalale kule, basi."

Akachota makaa kwenye gae lake la siku zote, akapanda kilima, akapita mlango wa mbele moja kwa moja hadi sebuleni, akawasha moto katika meko ya mzungu. Kisha akaketi juu ya zulia, akanyoosha miguu.

"Kamwene," akawasalimu, kama mwenyeji anavyosalimu wageni.

Wakala akatabasamu. "Naam, kweli nyumba ina watu." Bwana Holdeni naye akatabasamu, meno tu, shingo imemwiva. Kule chini vibarua wa shamba la miwati walikuwa wanavuta paa kwa kamba.

Gari la wakala lilipopotea kwenye njia ya Makambako, Bwana Holdeni alichukua ndoo akamwaga maji motoni. Majivu yakaruka, yakamwangukia Esteria miguuni. Akafungua madirisha yote, akamwamuru Filemoni asugue zulia kwa sabuni ya dawa. Pa kulala wakatafute kambini kwa vibarua.

Filemoni hakusugua kitu. Alimfikisha mama yake kambini, katika kibanda kitupu, akadandia lori la magome ya miwati lililokuwa linakwenda Makambako. Njia nzima alijipa moyo. Angesema kweli, uchafu umtoke mdomoni, bima ifutwe, na huenda nyumba yao ikasimamishwa tena. Asubuhi alimkuta wakala mezani, anakula.

"Bwana, nilidanganya. Hakuna mtu anayelala mle ndani. Tulikuwa tunalala ile iliyobomolewa."

Wakala aliendelea kupaka siagi kwenye mkate. "Najua. Nyumba inayolalwa hainuki vile."

"Ulijua?"

"Tangu mlangoni."

"Sasa kwa nini ukabomoa kwetu?"

"Uongo wenu usingeunguza nyumba," wakala akasema, kwa upole uleule. "Moto wa mama yako ulikuwa wa kweli. Ule ndio ungetutia hasara." Akamsogezea sahani. "Umekula?"

Kiini cha yai kilikuwa kinatiririka juu ya sahani, njano, taratibu. Filemoni alitoka nje, akazunguka nyuma ya hoteli, akatapika, na tumboni hakuwa na kitu.

Kabla ya kupata lori la kurudi alinunua kiberiti, kwa sababu Njombe ni baridi na mama yake lazima apike.

Alimkuta ameketi nje ya kile kibanda. Mbele yake palikuwa na gae, na ndani ya gae makaa meusi aliyokuwa ameyazoa katika meko ya Bwana Holdeni, yameloa. Alikuwa ameyaanika juani tangu asubuhi, na midomo yake ilikuwa imejaa majivu kwa kuyapuliza. Filemoni akachuchumaa, akamnyooshea kiberiti.

Esteria hakukipokea.

"Washa wewe," akasema. "Wewe ndiye uliyezoea kudanganya."