Jembe Tulilomkabidhi Mwenye Mashine

Neno lenyewe lililetwa na Lusia muuza chumvi, siku ya soko, mwaka wa hamsini na nne. Alisema yuko tajiri Iringa, jina lake Zubery, ana mashine kubwa ya kukoboa mpunga na anatafuta mji wa kuiweka. Rujewa wameshamwita. Mji utakaomkosa, malori hayatasimama tena hapo, yatapita yakipiga honi tu.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Utingo wa lori. Na utingo hana sababu ya kunidanganya, mimi si mke wake."

Tulicheka. Lakini lile neno halikunitoka. Nikipepeta, nalisikia. Nikiwa kanisani, nalisikia. Nilikuwa na mtoto mmoja tu, Asukile, naye alikuwa na kinu cha maji pale juu ya mji wetu, Chimala. Alijifunza useremala misheni, akachonga gurudumu kwa mkono wake, akalitega kwenye mfereji wetu. Watu walileta mahindi, akawasagia, wakamwachia kibaba. Nikawaza, mji ukifa, mwanangu atamsagia nani? Hofu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Ninyi akina mama wa Igurusi hamjui mfereji wetu, basi niwaeleze. Tuliuchimba wenyewe, nyumba kwa nyumba. Aliyechimba ana zamu ya maji, asiyechimba hana. Ukitaka kumwazima mwenzako zamu, unamwambia kwa mdomo, na jembe lako unabaki nalo. Ukimkabidhi jembe lenyewe, mbele ya watu, pale maji yanapoingilia, umempa zamu moja kwa moja. Haidaiwi tena.

Jumbe wetu Kalinga akamwandikia Zubery barua, naye akaja. Sitamsingizia. Alikuwa mtu mpole, kanzu safi, anaamkia hata watoto. Tukamtolea mbuzi, kuchinja tukamwachia utingo wake, Mwislamu mwenzake, ili ale bila wasiwasi. Alipomaliza kula akasema, "Ndugu zangu, mashine yangu inazungushwa na maji, maana mafuta kuyatoa Iringa ni ghali. Nataka maji ya kutwa, kila siku. Kama hamna, niambieni, nitakwenda Rujewa wala sitakasirika."

"Maji yapo, bwana mkubwa!" jumbe akaruka, maana ilikuwa masika na mto umejaa. "Maji tunayaogea na kuyamwaga!"

Nyumba sita zikakabidhi majembe siku ileile, pale maji yanapoingilia. Ikabaki ya kwetu, na ya kwetu ndiyo iliyokuwa na siku nyingi, kwa kuwa marehemu mume wangu alichimba kuliko wote. Watu wakatugeukia. Asukile akaninong'oneza:

"Mama, mimi nitamwazima. Msimu mmoja, tumwone."

"Umwazime mgeni kama unamwazima jirani ungo? Ataona tunamshuku."

"Jembe unajua maana yake."

"Najua. Lakini mtu wa Iringa anajua nini habari za majembe? Akishazoea tutakaa naye, tutaongea kama watu. Toa, mwanangu, usiniaibishe."

Akatoa. Vigelegele vyangu ndivyo vilivyosikika kuliko vya wote.

Na mashine ilikuja, lazima niseme kweli. Malori yalisimama. Mpunga ulitoka Usangu kwa magunia, vijana wakapata vibarua vya kupakia, nami nikauza vitumbua mpaka mikono ikaungua. Kwa miezi minne nilijiona mama mwenye akili.

Kiangazi kikaingia, mto ukapungua. Maji yaliyobaki yakawa ya Zubery asubuhi mpaka jioni. Gurudumu la mwanangu likasimama, mbao zikakauka na kupasuka. Wenye mahindi wakarudi kwenye vinu vya kutwangia.

Nikamwendea Zubery. Akanipa kiti, akanipa chai. "Mama, mimi mila zenu sizijui. Jumbe akisema nirudishe siku mbili, nitarudisha."

Nikamkimbilia jumbe kwa furaha. Hakunikaribisha hata ndani.

"Mama Asukile, nani alipiga vigelegele?"

"Mimi. Lakini mwenyewe amekubali, anangoja neno lako tu."

"Jembe halirudi. Nikikurudishia wewe, nyumba sita zitakuja kesho. Na tukimpunguzia maji huyu, tajiri gani mwingine atakuja Chimala? Mwanao ana nguvu, atafute kazi."

Mwanangu akaitafuta. Walikuja watu wa kuandikisha vijana wa migodini, kule Kusini kwa Makaburu, na Asukile akaandika jina. Nilimshika shati. Akasema, "Mama, hukunikosea kwa ubaya," akaubandua mkono wangu kidole kimoja kimoja. Afadhali angenitukana.

Zubery alikaa kwetu misimu miwili. Zile nyumba zilizotoa zamu hazikwenda tena kusafisha mfereji. Nani asafishe maji yasiyo yake? Zubery naye hatukumpa kazi ya jembe hata siku moja, tulisema ni mgeni. Mchanga ukajaa, mashine ikaanza kukwama. Rujewa wakampelekea barua, kiwanja kikubwa zaidi na mfereji mpya. Akaaga vizuri, akapakia chuma chake kwenye malori mawili, akaondoka. Hakutuibia kitu. Tulivyompa hatukuwa na pa kuvidai.

Sasa Chimala hatuna mashine wala kinu. Barua ya kwanza ya Asukile aliiandika mwenyewe. Ya pili ameandikiwa na mwenzake, inasema anakohoa na mkono unatetemeka. Ya tatu naingoja tangu Pasaka.

Nimesikia Igurusi nanyi mmeletewa neno, kwamba yuko mtu wa mashine ya kupasua mbao na mkichelewa atakwenda kwa wengine. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne tu, siwezi kuwapangia mambo ya mji. Ya kuepuka nayajua:

Msimjibu siku ileile aliyofika.
Msitoe moja kwa moja kitu ambacho mnaweza kuazima.
Msimfanye mgeni mwaka mzima; kazi ya wote naye apewe.
Msichukue cha fundi wa kwenu mkampa wa kuja.
Msimwachie jumbe aseme peke yake.
Msiseme maji ni mengi wakati wa masika.
Mama, usimshurutishe mwanao mbele ya watu.